Ganda la Yai la Mbu

Mke wa askari amwagapo maji ya pipa lililokaa uani, hudhani amewamaliza mbu. Viluwiluwi kweli hufa juani. Lakini mayai ya Aedes aegypti, yule mbu mwenye mabaka meupe miguuni aenezaye dengi na homa ya manjano, hubaki yamenata ukutani mwa pipa. Huweza kukaa makavu miezi kadhaa, na maji yakirudi, yakaanguliwa. Mayai ya mbu wa malaria hayavumilii ukavu kiasi hicho.

Sehemu ya siri imo katika ganda. Limejengwa kwa protini, na kila protini ina jeni yake, yaani agizo la urithi. Nyingi za jeni hizo ni ndugu. Karani wa kikosi akinakili amri moja mara mbili kwa makosa, nakala ya kwanza yatosha kuendesha kazi. Ya pili, isiyotegemewa na mtu, yaweza kubadilika neno baada ya neno hata ikawa amri nyingine. Mara nyingi huharibika tu. Mara chache hufaa, na miaka mamilioni ikipita, agizo moja huwa ukoo mzima.

Ukoo wa namna hiyo ulichunguzwa na Fotis Kafatos, mtaalamu Mgiriki aliyefariki mwaka 2017, katika nondo wa hariri. Mdudu huyo ana jeni zaidi ya 100 za ganda la yai, nyingi zikiwa zimepangana jirani kama nyumba za kambi. Nzi wa matunda, ambaye jeni zake ni chache, ana hila nyingine: huzizidisha kwa muda ndani ya chembe zinazolizunguka yai. Baadaye Kafatos aligeukia mbu wa malaria, akashiriki katika kusoma jeni zake zote, kazi iliyotangazwa mwaka 2002.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walieleza protini iitwayo EOF1, inayopatikana kwa mbu peke yao. Walipoizima jeni yake katika Aedes, maganda yalitoka dhaifu na karibu mayai yote yakafa. Dawa ya kuilenga protini hiyo, wakatumaini, ingewaacha nyuki salama.

Nyumbani silaha ni brashi: pipa lisuguliwe ukutani kwa nguvu, hasa pale maji yalipoishia, kabla ya kujazwa tena, kisha lifunikwe.