Kabla ya kununua kompyuta mpya, pima ugonjwa wa ile ya zamani

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari hilo, kwa vyama vingi vya msingi vya ushirika, maduka ya pembejeo na wanunuzi wadogo wa mazao, limehamia ndani ya kompyuta. Humo ndimo yalimo majina ya wakulima, kilo walizopima, mbolea na viuatilifu walivyokopa, na malipo wanayodai. Kompyuta hiyo inapozeeka na kuanza kwenda mwendo wa konokono, anayecheleweshwa si karani peke yake. Anacheleweshwa pia mkulima aliyesimama dirishani akisubiri stakabadhi ya mzigo wake, na mwenye lori linalosubiri hati za kupakia.

Hali hiyo inapotokea, maamuzi huwa ni ya aina mbili, na yote mawili yana hasara. Wapo wanaovumilia mpaka kompyuta ife yenyewe, mara nyingi katikati ya msimu. Wapo pia wanaokimbilia dukani kununua mpya bila kujua ile ya zamani inaumwa nini. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kompyuta ya ofisi ni zana ya uzalishaji kama lilivyo trekta dogo la mkono au mashine ya kukoboa. Haibadilishwi kwa hasira wala kwa fahari. Hubadilishwa baada ya kupiga hesabu.

Tuanze na gharama isiyoonekana kwenye vitabu. Tuseme kompyuta inampotezea karani dakika 40 kwa siku kwa kuwaka taratibu na kugandaganda. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni dakika 1,040, yaani saa 17 na dakika 20 kila mwezi. Ni siku mbili nzima za kazi ambazo chama kinazilipia bila kupata kitu. Mwenye duka anayeandika mauzo yake mwenyewe hupoteza zaidi, kwa sababu mteja asiyehudumiwa huvuka barabara na kuingia duka la pili.

Je, ugonjwa uko wapi?

Kompyuta haizeeki yote kwa mpigo. Mara nyingi ni kiungo kimoja kinachozuia vingine. Kwa wanaotumia Windows, kuna kipimo kisicho na gharama. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta imelemewa. Kitafunguka kidirisha kinachoonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski vinavyotumika.

Kama diski iko kwenye asilimia 100 muda mrefu ilhali vingine vimetulia, tatizo liko kwenye diski. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku mkono mdogo ukihangaika kutafuta taarifa mahali zilipo, kama sindano ya santuri. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja baada ya kubadilishiwa diski tu.

Kama kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, imepita asilimia 90, kompyuta inakosa nafasi ya kufanyia kazi. Gigabaiti 4 zilitosha zamani, lakini leo ukifungua kurasa chache za intaneti pamoja na faili la hesabu, zimekwisha. Kuongeza hadi 8 huleta nafuu kubwa. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Kwanza, je, mfumo uliomo ni wa biti 32? Kama ndivyo, hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiongeza. Pili, RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Usinunue kwa kukisia.

Na kama ni prosesa inayofika asilimia 100 wakati hakuna kazi kubwa, tazama ni programu gani inayoila. Inaweza kuwa kirusi. Inaweza pia kuwa joto. Vumbi la ghala, pumba na unga wa mashine huziba feni, na prosesa ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kusafisha feni na kubadilisha mafuta mazito yaliyo juu ya prosesa ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua.

Tiba kwa utaratibu wake

Hatua ya kwanza, kabla ya fundi kugusa bisibisi, ni kunakili kumbukumbu zote kwenye diski ya nje, na nakala hiyo kutunzwa nje ya ofisi. Kompyuta inanunulika, lakini orodha ya madai ya wakulima 400 hainunuliki kokote. Diski ya zamani inayotoa sauti ya kugonga iko njiani kufa, na kila siku unayochelewa kunakili ni kamari.

Hatua ya pili haina gharama. Zima programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, ondoa zisizotumika, futa filamu na miziki inayojaza diski, kisha tafuta virusi. Tahadhari na matangazo ya programu zinazojidai kuongeza kasi kwa kubonyeza mara moja. Nyingi hazina faida yoyote, na baadhi ndizo zinazoingiza virusi.

Hatua ya tatu ndiyo ya kulipia: diski ya SSD, RAM, au vyote viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mkulima anajua pia kwamba ukuta uliooza msingi hauzibwi nyufa. Hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Piga hesabu kwa mwaka

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei na bei. Kinachopaswa kulinganishwa ni gharama ya kila mwaka wa huduma. Nitumie tarakimu za mfano. Msomaji aweke bei za mji wake baada ya kuuliza maduka mawili au matatu.

Tuseme matengenezo ya diski, RAM na ufundi ni Sh180,000, na kompyuta itadumu miaka miwili zaidi. Gharama ni Sh90,000 kwa mwaka. Kompyuta mtumba iliyo nzuri ni Sh550,000 na itadumu miaka mitatu, sawa na takriban Sh183,000 kwa mwaka. Mpya ni Sh1,200,000 kwa miaka mitano, yaani Sh240,000 kwa mwaka. Hapo matengenezo yameshinda kwa mbali.

Sasa geuza. Kama kompyuta hiyo ina ubao mama mgonjwa na itadumu miezi sita tu, Sh180,000 kwa nusu mwaka ni sawa na Sh360,000 kwa mwaka. Matengenezo yamekuwa ghali kuliko kununua mpya. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi lisiishie kwenye bei. Muulize itadumu muda gani, na akupe dhamana ya maandishi kwa kazi yake. Jambo moja la kutia moyo ni kwamba diski ya SSD haipotei kompyuta ikifa. Huchomolewa na kuwekwa kwenye nyingine, au hugeuzwa kuwa diski ya nje ya kutunzia nakala.

Wakati wa kuagana

Kuna sababu nyingine ya kuachana na kompyuta isiyohusiana na kasi, nayo ni usalama. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi iliweka utaratibu wa nyongeza hadi Oktoba 2026, lakini huo ni muda wa kujipanga, si tiba. Windows 7 ilikwishaachwa tangu Januari 2020. Mfumo ulioachwa huendelea kuwaka kama kawaida, ila mianya mipya inayogunduliwa na wezi wa mtandaoni haizibwi tena. Kompyuta ya michezo ya watoto inaweza kuvumilia hali hiyo. Kompyuta inayoingia kwenye akaunti ya benki ya chama haiwezi.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, isipokuwa chache, kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi. Wapo mafundi wanaoisimika kwa kupitia mlango wa nyuma, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta hizo zitaendelea kupata marekebisho ya usalama.

Je, kompyuta hizo ni za kutupa? Hapana. Mifumo ya Linux haina gharama ya leseni na hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. Tena si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Leo ipo LibreOffice, inayofungua faili nyingi za Word na Excel. Kama kazi yako ni kuandika barua, kutunza majedwali na kuingia kwenye mifumo ya intaneti, Linux inatosha. Kama unatumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, au printa isiyokubali Linux, jaribu kwanza kabla ya kuhama.

Ukilazimika kununua

Anza na kazi, si na mwonekano. Ofisi ya chama au duka la pembejeo haihitaji kompyuta ya mtengeneza filamu. RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD ya gigabaiti 256 na prosesa inayokubali Windows 11 vinatosha kwa miaka kadhaa. Ogopa kompyuta mpya za bei rahisi zenye RAM ya gigabaiti 4 iliyogandishwa kwenye ubao na hifadhi ya gigabaiti 64. Zinang'aa dukani, lakini haziongezeki, na baada ya mwaka mmoja utakuwa ulipoanzia.

Kwa mtazamo wangu, kompyuta mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi ni bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Zimeundwa zifunguliwe na zitengenezwe, na vipuri vyake si vigumu kupata. Lakini kagua. Soma namba ya prosesa: i5-7200U ni ya kizazi cha 7, i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Chomoa waya wa umeme uone betri inakaa muda gani. Jaribu kila kitufe na kila tundu. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki na dhamana iliyoandikwa. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, kompyuta mpakato ina faida ya betri. Ukichagua ya mezani, weka na bei ya UPS kwenye hesabu yako.

Kwa wafanyabiashara wanaotunza hesabu na kulipa kodi kwa faida halisi, kuna unafuu usiopaswa kuachwa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kompyuta zimo katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki. Kwa kompyuta ya Sh1,200,000, mwaka wa kwanza unapunguza Sh450,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi, na mwaka wa pili Sh281,250. Bila risiti, unafuu huo utakuwa vigumu kuutetea.

Jambo la kuamua mkutanoni

Udhaifu mkubwa ninaouona kwenye ofisi nyingi za ushirika ni kukosa mpango kuliko kukosa fedha. Kompyuta huja kwa msaada au kwa mkupuo wa fedha za msimu mzuri, kisha hakuna anayetenga senti ya kuitunza. Chama kinachotaka kubadilisha kompyuta ya Sh1,200,000 kila baada ya miaka mitano kinahitaji kutenga Sh20,000 tu kwa mwezi. Hicho ni kiasi ambacho mkutano mkuu unaweza kukipitisha bila mabishano, kikaandikwa kwenye bajeti na kusomwa kila mwaka.

Mkutano huo huo uulize pia kompyuta ya zamani inakwenda wapi. Kuuza au kugawa kompyuta ikiwa bado na diski yake ni kugawa majina, namba za simu na akaunti za wanachama. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu yanaweza kurudishwa. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na inawabana wanaokusanya taarifa za watu wazitunze kwa usalama. Chomoeni diski, ifutwe kwa programu maalumu au ivunjwe. Mabaki mengine yapelekwe kwa wanaoyarejeleza, yasichomwe moto shambani, kwani moshi na metali zake ni sumu kwa udongo na maji.

Mwanachama ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya bodi kutia saini hati ya ununuzi: kompyuta ya zamani imepimwa na kukutwa na ugonjwa gani, kila chaguo lina gharama gani kwa mwaka, na nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi. Bodi inayoweza kujibu yote matatu, inunue. Isiyoweza, irudi kwanza kwa fundi.