Miayo ya Watoto Wetu



Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Pumwani na Eastleigh hadi Umoja na Kayole, magari ya shule huanza kukusanya watoto kungali giza. Mtoto mmoja akipiga miayo kitini, wa pili humfuata, kisha wa tatu, na dereva naye akaziba kinywa kwa mkono. Wapo wazazi wanaolicheka jambo hili, na wapo wanaomkemea mtoto kwa uvivu. Je, miayo ni uvivu?

Wazee wetu waliiona miayo kuwa dalili ya njaa au usingizi. Baadaye ikavuma kwamba mtu hupiga miayo kwa kupungukiwa na oksijeni. Mwaka 1987, huko Marekani, Robert Provine na wenzake waliwavutisha watu oksijeni tupu, kisha hewa iliyozidishwa kaboni-dioksaidi, na miayo haikuongezeka wala kupungua. Wataalamu wengine wasema kuwa mwayo huupoza ubongo; wengine, kwamba huuzindua mwili unapotoka usingizini au unapoanza kuchoka. Hata mtoto aliye tumboni mwa mamake huonekana akipiga miayo. Basi hili ni umbile, si tabia ya kufunzwa.

Ama kuambukizana, hilo huja baadaye. Aghalabu mtoto mdogo haambukizwi miayo mpaka akaribie umri wa miaka 4 au 5. Mwaka 2011, watafiti wa Italia, Ivan Norscia na Elisabetta Palagi, walieleza kwamba miayo huambukizana zaidi baina ya jamaa, kisha marafiki, kisha wanaojuana tu, na wageni huwa mwisho. Hata hivyo, asiyeambukizwa asidhaniwe kuwa hana mapenzi, kwani watu hutofautiana.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuizuia miayo kadiri tuwezavyo na kukifunika kinywa. Maulamaa wakabainisha kuwa kinacholaumiwa ni kile kiletacho miayo: shibe ya kupita kiasi, uzito wa mwili na ulegevu. Na kwa mtoto anayeamshwa usiku wa manane, sababu i wazi: hakulala vya kutosha. Kumkemea hakumwondolei usingizi.

Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto anayerudi kutoka shule, akaenda madrasa, akafanya kazi za shule, kisha akaketi mbele ya runinga hadi saa 4 usiku, na kuamshwa saa 10 alfajiri, amelala saa 6 tu. Ilhali kanuni za elimu ya msingi za Kenya za mwaka 2015 zaweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri.

Enyi akina mama na akina baba, dini yetu imetuonyesha njia: Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Mtoto akilala saa 2 na nusu usiku, akaamka saa 11 na nusu kwa Sala ya Alfajiri, amepata saa 9 kamili. Zimeni runinga, wekeni simu mbali, na wazazi wa mtaa mmoja wakae na shule wazungumzie saa ya gari. Na mtoto anayelala vya kutosha lakini akashinda na miayo, au anayekoroma sana usiku, apelekwe kwa daktari.

Mwayo wa mtoto ni ujumbe wa mwili wake kwetu sisi tuliopewa amana ya kumlea. Allah atujaalie tuwe wenye kuusikia. Amin.