KUFUNGUA KWAKE NI IBADA: NENO JUU YA MGONJWA WA SUKARI ALIYE KATIKA SAFU YAKO



Ndugu zangu Waislamu, nina maneno yaliyonikaa moyoni tangu Ramadhani iliyopita. Naanza kwa kujishitaki mwenyewe kabla sijamnasihi mtu.

Msikitini kwetu yuko fundi cherehani, mtu wa safu ya mbele, mwenye kisukari aina ya kwanza tangu ana miaka 12. Sasa ni zaidi ya miaka 30 anajichoma insulini kila siku. Mimi nilikuwa sijui. Ijumaa ya kwanza ya mfungo nikapanda mimbari, nikawasema kwa ukali wanaokula mchana nyuma ya mapazia ya maduka yao. Yeye amekaa mbele yangu, ananisikiliza. Kesho yake akafunga.

Baada ya Swala ya Alasiri akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Jasho linamtiririka, anatetemeka, akamsukuma aliyetaka kumkalisha. Watu wakasema, "Huyu kapandisha." Nikaitwa. Nikamshika kichwa nikaanza kumsomea. Mara akaja mwanawe mbio, mtoto wa madrasa yangu mwenyewe, na chupa ya soda mkononi: "Shehe, baba hana jini. Sukari imeshuka."

Alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha. Kama robo saa baadaye akatutambua sote. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba radhi kwamba swaumu yake imeharibika.

Wallahi niliona haya. Aliyestahili kuombwa radhi ni yeye. Nimemwomba, amenisamehe, na amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja jina. Kisha nikaenda kuuliza wanaojua, kama dini yetu inavyotuamrisha. Nawapa niliyoyapata.

Kwanza, maradhi haya si adhabu ya ulafi. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kutibu watu kule Toronto, Kanada, mtoto aliyepata maradhi haya hakuwa na maisha marefu. Basi wewe unayemwambia mgonjwa, "Acha sindano, kunywa mizizi, Mungu atakuponya," unamrudisha nyuma ya mwaka huo. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Sindano ndiyo kamba ya huyu ngamia. Dua tunaomba, na sindano anachoma.

Wapo pia wanaoogopa kwamba insulini inatoka kwa nguruwe. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu miaka ya 1980 iko inayotengenezwa kwa kutumia vijidudu vya maabara, na ndiyo inayotumika zaidi leo.

Pili, usimwambie, "Wewe umeshaizoea." Miaka mingi haifanyi maradhi haya kuwa mepesi. Mwili uliokuwa ukipiga kengele kwa jasho na kutetemeka, baada ya miaka huweza kuacha kupiga. Mtu anashuka bila kujijua, ghafla akili inampotea. Tumbo nalo huweza kuwa zito kusaga chakula, basi sindano inafanya kazi chakula hakijafika. Figo zikichoka, insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Na akichoma pale pale kila siku, ngozi hufanya uvimbe, dawa ikaingia leo nyingi kesho kidogo. Ndiyo maana utamwona asubuhi yuko juu, adhuhuri yuko chini, na hajala haramu wala hajafanya uzembe. Mhurumie, usimhukumu. Na wewe mgonjwa, badilisha mahali pa kuchoma, pima mara nyingi, na kipimo cha dawa kipange na daktari wako, si na jirani.

Tatu, sharia imeshasema. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mola amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona na swaumu inamdhuru, hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Sisemi kila mwenye kisukari asifunge. Wapo wanaofunga kwa ushauri wa daktari na wakasalimika. Lakini mwenye aina ya kwanza ambaye sukari yake haitulii yumo katika hatari kubwa. Kwake kula ni utiifu, kwa sababu aliyefaradhisha swaumu ndiye aliyetoa ruhusa. Nani mimi niifunge ruhusa aliyoifungua Allah?

Na anayefunga asiache kupima wala kuchoma kwa kuogopa swaumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba sindano ya matibabu isiyo ya lishe haifunguzi. Ikishuka chini ya 70 (yaani 3.9 kwa mashine nyingine), au ikipita 300 (yaani 16.6), afungue pale pale, hata kama muadhini ameshashika kipaza sauti.

Nne, misikiti yetu. Tunakusanya pesa za mazulia na feni. Tuweke na sukari na soda mbili tatu kabatini. Mtu akishuka na bado anameza, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Na anayetapika, anayehema kwa nguvu, pumzi yake ina harufu kama ya matunda, huyo huenda sukari imepanda hadi pabaya. Naye ni wa hospitali, upesi. Kisomo hakikatazwi, msomee njiani.

Maimamu wenzangu, tukipanda mimbari kuwakemea wanaokula mchana, tuwataje wagonjwa kwa heshima kabla ya kukemea. Hatujui ameketi nani mbele yetu.

Na wewe unayekula nyuma ya pazia kwa sababu ya maradhi: toka. Mwambie imamu wako, mwambie unayeswali naye bega kwa bega. Siri hii siku moja inaweza kukuua mbele ya watu mia, na wote wakidhani ni jini.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atusamehe sisi tuliosema bila kujua. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.