Igeuze Ndani Kwanza

Wasee, leo nina kesi ya kujibu, na mshtakiwa ni mimi.

Mwaka jana nilikuwa natafuta kofia ya kuvaa na kanzu kwa harusi ya binamu yangu Mombasa. Nikaipata hapa Nairobi kwa kibanda fulani, 800 bob. Muuzaji akaniapia ni ya Lamu, imedariziwa kwa mkono. Mimi ni nani nibishe? Nikaivaa, nikarekodi video, nikasema kwa mdomo wangu huu kwamba hii ni kazi ya mkono kutoka Lamu na ukilipa zaidi ya 800 unaibiwa. Manze, hiyo video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Watu wakauliza kibanda kiko wapi. Nikawaelekeza, wakaenda, wakanunua.

Siku ya tatu mzee mmoja wa Lamu akaacha komenti, bila matusi: "Mwanangu, hebu igeuze ndani."

Nikaigeuza. Ndani kulikuwa na mabaki ya ile karatasi nyeupe ngumu ambayo huwekwa chini ya kitambaa ndio mashine isikivute. Uzi wa ndani haukufanana na wa nje. Na vile vitundu vidogo vidogo, vile hasa vinavyofanya useme hii ni ya Lamu, havikuwa vitundu. Vilikuwa viduara vya uzi juu ya kitambaa kizima. Nikaishika dirishani. Hakuna mwanga uliopita.

Nikamwandikia kando: "Shikamoo mzee, nimeona." Akajibu marahaba, halafu akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Nimeusikiza mara nyingi kuliko lecture yoyote niliyowahi kukaa, na ndio, najua niliacha chuo, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kofia ya vito, ile yenyewe, ina vipande viwili: kifuniko cha juu, na ukuta wa kuzunguka kichwa. Kitambaa ni pamba nyeupe. Maua huchorwa kwanza kwa penseli, ndio maana kofia mpya kabisa wakati mwingine bado ina alama za penseli mpaka ifuliwe. Halafu fundi anatoboa tundu moja, anazungushia uzi ukingoni, mshono kwa mshono, mpaka tundu lisimame imara lisifumuke. Anaingia la pili. Mamia ya vitundu kwa kofia moja. Na si urembo tu, hewa inapita hapo. Mtu wa pwani na lile joto anajua maana yake.

Wanaoshona ni wanaume kwa wanawake. Utampata mtu ameketi barazani na kofia yake mkononi, anapiga stori, sindano haisimami. Ukipita na kamera unaweza kufikiri anapitisha wakati. Yuko kazini huyo.

Sasa tupige hesabu pamoja, toa simu. Sema kofia moja imechukua miezi miwili, masaa manne kwa siku. Hayo ni masaa 240. Sema imeuzwa elfu nane, ile bei ambayo wewe na mimi tunasema "aah, hiyo ni wizi". Gawanya. Inakuja kama bob 33 kwa saa, kabla ya kutoa pesa ya uzi, kabla broker hajakata yake. Bob 33 haikutoi hata Kayole ukafika tao. Na mimi nilisimama mbele ya kamera nikaambia watu elfu nane ni wizi.

Kuna mji Ufaransa unaitwa Alençon. Wana lesi yao ya sindano, uzi mtupu unajengwa ukiwa maua. Sentimita moja mraba, yaani eneo la ukucha wa kidole chako, inakula masaa saba. Kujifunza mpaka uive ni miaka saba hadi kumi. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na sijawahi kuona mtu akiwaambia wale mama "punguza kidogo, mimi ni customer wako". Lamu nayo, Mji Mkongwe uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001. Tunaenda, tunapiga picha na ile milango ya kuchongwa, tunalipa hoteli bila kelele. Halafu yule jamaa wa barazani, mita mbili kutoka kwa huo mlango, ndio tunataka atuuzie kwa 800.

Najua mtakachosema, kwa sababu beshte yangu ashaniambia: msee wa Kayole atatoa wapi elfu nane ya kofia? Fair. Mimi pia sina. Mashine si dhambi. Ile lesi inayouzwa Eastleigh kwa mita, ile mathe wenu huvaa harusini, karibu yote ni ya mashine na inapendeza vizuri sana. Hakuna mtu analia. Shida si mashine, shida ni jina. Ukiuza ya mashine kwa jina la mkono, hujanidanganya mimi peke yangu. Umemwambia kila mtu kwamba miezi miwili ya yule mzee ni 800. Akija na yake halisi, anaonekana tapeli.

Na sisi wa kontenti ndio spika ya huo uongo. Tunapewa kitu, tunasema "original", tunaweka muziki, tunasonga. Kugeuza kofia ndani kulinichukua sekunde mbili. Kwa hivyo sheria yangu kuanzia sasa: nikiposti nguo ya kudarizi, mtaona upande wa ndani. Muuzaji akikataa nirekodi ndani, siposti. Ashakataa mmoja tayari, wa mashati ya maua, na pesa alikuwa ametoa.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea na nikabandika komenti ya mzee iwe ya kwanza. Muuzaji wa kibanda alinipigia akaniita mnafiki, anasema nimemharibia biashara. Nilimwambia aandike tu "mashine" kwa kibao, nitarudi kumpostia bure. Bado hajanijibu.

Mzee naye nimemwagiza moja. Namtumia kidogo kidogo kwa M-Pesa kila nikipata, na yeye hunitumia picha. Ukuta umeisha. Kifuniko bado, amefika ua la tatu.