Mwajiri naye anabanwa na siri ya mgonjwa

Nimekuwa muuguzi katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa, tulikuwa tunavifungia kabatini kila jioni, kwa sababu jina la mgonjwa, mtaa wake na ugonjwa wake vimo kwenye mstari mmoja, na anayetupa jicho mara moja tu amekwisha kujua kila kitu. Kwa hiyo sishangai watu wakidhani kutunza siri ya mgonjwa ni kazi ya hospitali peke yake. Lakini dhana hiyo si sahihi, na inaumiza watu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Inamfunga kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu, awe mtu binafsi, kampuni au taasisi ya umma. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziguswi mpaka mhusika aridhie kwa maandishi. Hospitali imo, maabara imo, duka la dawa na mfuko wa bima vimo. Kiwanda nacho kimo, na shule, na benki inayodai vipimo kabla ya kutoa mkopo.

Chukua karatasi ndogo kabisa, ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini asipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Karatasi hiyo basi lazima itoke hospitali ifike kazini. Huko inapokelewa na nani? Mara nyingi ni mlinzi wa getini, kisha msimamizi wa zamu, kisha karani, kisha inakaa juu ya meza mpaka mtu akumbuke kuiweka kwenye faili.

Mpwa wangu anafanya kazi kiwandani. Aliandikiwa ED ya siku tatu, na daktari akajaza na sababu yake. Msimamizi akaipiga picha, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la zamu nzima ili watu wajue nafasi iko wazi. Mpwa wangu akiwa bado kwenye daladala, mwenzake akampigia: "Pole mdogo wangu, nimeona mimba imeharibika." Mumewe alikuwa hajaambiwa. Alikuwa amepanga kumwambia mwenyewe usiku ule, wakiwa wawili.

Alipokwenda kulalamika, ofisi ilimjibu kwamba wao si hospitali, mambo ya siri za wagonjwa hayawahusu.

Jibu hilo lingekuwa na uzito Marekani. Sheria yao ya mwaka 1996, wanayoiita HIPAA, inawabana watoa huduma za afya wanaotuma madai ya malipo kwa njia ya kielektroniki, bima za afya, ofisi zinazochakata madai hayo, na wale wanaofanya kazi kwa niaba yao. Mwajiri aliyeweka cheti cha ugonjwa kwenye faili la mfanyakazi wake yuko nje ya sheria hiyo. Sisi tumepita njia pana zaidi, na mimi naona ndiyo bora, maana inafuata taarifa popote inapokwenda. Kampuni inayotoa taarifa za mtu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 5. Tatizo ni kwamba wasimamizi wa zamu hawajaambiwa.

Kuna wanaoniuliza: na kama ugonjwa unaambukiza? Nimehudumia wagonjwa wa kifua kikuu miaka mingi, nalijua swali hilo. Walio karibu na mgonjwa hutafutwa na kupimwa, na kazi hiyo ina watu wake na utaratibu wake katika huduma za afya. Kuchapisha jina la mtu kwenye simu za wenzake si sehemu ya utaratibu huo.

Hata kwenye vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, katibu husoma karatasi ya hospitali kwa sauti ili wanachama waridhike kabla ya kutoa mchango wa ugonjwa. Nami ni mwanachama, na nimeshasema kikaoni kwamba mweka hazina akiona muhuri na tarehe inatosha.

Ndugu zangu madaktari, ED inahitaji jina, tarehe, idadi ya siku za kupumzika, sahihi na muhuri. Ugonjwa ubaki kwenye faili la hospitali. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapotoka kutoa elimu, ifike viwandani, ikae na wasimamizi wa zamu na makarani wanaozipokea karatasi hizi kila siku. Mwajiri anayetaka kujua zaidi ya siku za mapumziko amwombe mfanyakazi mwenyewe, kwa maandishi, akieleza anaitaka taarifa hiyo ya nini na nani ataisoma.