Mnunuzi Asihesabiwe Mwizi

Katika rafu ya vitabu nyumbani kwangu, hapa Mombasa, lipo kasha la plastiki lenye sidii mbili za mchezo wa kompyuta wa kujenga miji, nilizozinunua mwaka 2005 kwa fedha taslimu ili kumtunukia mpwa wangu alipofaulu mtihani wake wa darasa la nane. Risiti ingali imekunjwa ndani ya kijitabu cha maelezo, na namba ya siri iliyobandikwa nyuma ya kasha yasomeka hata leo herufi kwa herufi. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye mtoto wake, naye alipokuja kunizuru sikukuu ya Idi akalikuta kasha lile, akatamani kumwonyesha mwanawe mchezo ulioufurahisha utoto wake. Kompyuta yake, kama zilivyo aghalabu ya kompyuta za siku hizi, haikuwa na mahali pa kutilia sidii, basi tukamtuma kijana dukani akatuletea draivu ya kuchomeka kwa waya. Mchezo uliingia ndani ya kompyuta barabara. Lakini tulipoufungua, sidii ikazunguka, ikanguruma, ikanyamaza, kisha yakatokea maandishi yakituamuru tutie sidii iliyo ya asili. Sidii ya asili ilikuwa mle mle ndani ya draivu. Mpwa wangu akaitoa, akaipangusa kwa ncha ya kanzu yake, akairudisha, na maandishi yakarudi yale yale.

Tulimwita fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, kijana mwaminifu wa kazi na wa kauli. Aliitazama sidii kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia, "Mzee, sidii yako haina kosa. Kompyuta mpya ndizo hazimtambui tena yule bawabu wa zamani. Dawa yake ni kuukraki, yaani kutafuta faili la kumruka bawabu. Ila mafaili hayo yako mtandaoni kwa watu nisiowajua, na mimi siwezi kukuwekea dhamana." Neno lake lile la bawabu lilinikaa moyoni, kwa sababu ndilo hasa linaloeleza jambo hili lilivyo.

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita na ile ya mwanzo wa karne hii, wachapishaji wa michezo, wakiona jinsi sidii ilivyo rahisi kunakiliwa, walianza kununua ulinzi kutoka kwa kampuni kama Macrovision, iliyouza SafeDisc, na Sony DADC, iliyouza SecuROM. Hila ya SafeDisc ilikuwa ya werevu mkubwa: kiwandani sidii ilitiwa kwa makusudi sehemu zisizosomeka sawasawa, kasoro ambazo mashine ya kawaida ya kunakili haikuweza kuziiga, na kila mchezo ulipofunguliwa bawabu alikwenda kwanza kuzitafuta kasoro hizo, akizipata alijua kuwa sidii ni ya asili na kuufungua mlango, na akizikosa aliufunga. Ili kuifanya kazi hii, bawabu alihitaji kiti ndani kabisa ya matumbo ya kompyuta, na kiti hicho kilikuwa faili dogo liitwalo secdrv.sys, ambalo Microsoft walilisambaza pamoja na Windows yenyewe.

Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba faili hilo lilikuwa na ufa ambao mtu mwovu angeweza kuupitia akajitwalia mamlaka yote ya kompyuta. Ufa ule ulizibwa, lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 bawabu hakupewa kiti tena, na mwezi wa Septemba mwaka uo huo yakaja masahihisho yaliyomsimamisha kazi hata katika Windows za nyuma, zilizokuwa zikitumiwa na mamilioni ya watu. Simlaumu mtu kwa kuondoa kitu kilichohatarisha usalama wa watumiaji. Ninachokililia ni kwamba bawabu aliondolewa na mlango ukaachwa umefungwa. Michezo kama The Sims 2 ya mwaka 2004, na hata ule wa kurusha ndege ulioundwa na Microsoft wenyewe mwaka 2003, ikakataa kufunguka kwa sidii zake halali katika kompyuta mpya za watu walioilipia.

Na sasa msomaji alitazame jambo hili upande wa pili. Yule aliyenunua nakala ya wizi kando ya barabara kwa bei ya kikombe cha chai hakupatwa na lolote, kwa maana nakala yake ilikwisha kuondolewa bawabu tangu siku ya kwanza, nayo yafanya kazi hadi leo. Aliyelipa kikamilifu ndiye aliyefungiwa nje. Sijui dhuluma iliyo bayana kuliko hii, ya adhabu kumpita mkosaji na kumwangukia mwema, tena si kwa bahati mbaya ya siku moja, bali kwa namna kitu chenyewe kilivyoundwa.

Wachapishaji wenyewe walilijua jambo hili zamani. Mwaka 2008 Ubisoft walitoa masahihisho ya mchezo wa Rainbow Six Vegas 2 yaliyodai sidii hata kwa wale walioununua kwa kuupakua mtandaoni, watu ambao hawakupewa sidii kabisa. Na walipolalamika, dawa waliyopewa na ofisi ya msaada ilibainika kuwa ni faili lile lile lililotengenezwa na kundi la wakraki, likibeba ndani yake jina la kundi hilo. Mwaka huo huo, kampuni ya Blizzard ilitenda jambo la insafu: ilitoa masahihisho rasmi ya StarCraft, Diablo II na Warcraft III yaliyomruhusu mnunuzi kuingiza mchezo wote katika kompyuta yake na kuucheza pasipo sidii. Michezo ile ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa miaka mingi, faida yake ilikwisha kupatikana, na biashara ya kampuni haikuporomoka kwa ukarimu huo. Basi yawezekana, na si ghali.

Tatizo kubwa li katika sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998 ijulikanayo kama DMCA, kukiruka kizuizi cha kiufundi ni kosa lenyewe, hata kama nakala ni mali yako. Kila miaka mitatu hutolewa ruhusa za pekee, na ile ya mwaka 2006 juu ya michezo iliyohifadhiwa katika vyombo vilivyopitwa na wakati ilizihusu maktaba na nyaraka, wala si mtu aliye sebuleni kwake. Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu tarehe 6 Oktoba 2021, katika kesi ya kampuni ya Top System na dola ya Ubelgiji, kwamba aliyeinunua programu kwa njia halali anaweza kuifumua ili kusahihisha kasoro inayoizuia kufanya kazi, hata kama usahihisho wenyewe ni kukizima kipengele fulani, madhali havuki kiasi cha haja na anaheshimu masharti ya mkataba kuhusu jambo hilo. Kwa maoni yangu, huo ndio mwelekeo wa haki.

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakihesabu kitendo cha kukiepa kizuizi cha kiufundi kuwa ni uvunjaji wa haki ya mwandishi. Sina ugomvi na shabaha yake. Nimeishi na watunzi na wanamuziki wa pwani hii, nimeona kanda zao na sidii zao zikinakiliwa na kuuzwa mchana kweupe ilhali wao hawapati hata nauli ya kurudi nyumbani, na sitaandika neno la kumtetea mwizi wa jasho la mtu. Lakini hata mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini Geneva mwaka 1996, ambao ndio chimbuko la sheria za namna hii, unavilinda vizuizi vinavyozuia matendo ambayo hayakuruhusiwa na mtunzi wala na sheria. Maana yake, sheria ya nchi ina nafasi ya kuyaruhusu. Kuucheza mchezo ulioulipia, ndani ya nyumba yako, pasipo kuuza wala kugawa nakala, ni tendo la kuruhusiwa.

Wako wasemao kwamba mnunuzi hakununua mchezo, bali alipewa leseni ya kuutumia. Na iwe hivyo: leseni ya kutumia ambayo haitumiki ni ahadi iliyovunjwa. Wazee wetu hawakuihesabu biashara kuwa imetimia mpaka kitu kimekabidhiwa mkononi mwa mnunuzi, na sioni vipi kitu kinachokataa kufunguka kihesabiwe kuwa kimekabidhiwa. Fauka ya hayo, kumnyima mtu mwaminifu njia ya halali ni kumsukuma kwenye njia ya kiza, akapakue faili kwa mtu asiyemjua, faili ambalo huenda limebeba virusi vya kuiba namba zake za benki. Fundi wetu alikataa kufanya hivyo, nami namshukuru.

Ombi langu kwa Bunge letu ni kwamba sheria ya hakimiliki itakaporudi mezani, iwekwe ibara iliyo wazi ya kumruhusu mwenye nakala halali kukiondoa kizuizi kinachomzuia kuitumia, ikiwa mchapishaji hakutoa njia nyingine. Na kwa wachapishaji, popote walipo: mnapoacha kuuza mchezo, au mnapojua kwamba ulinzi wake haufanyi kazi tena, toeni masahihisho ya mwisho ya kuufungua mlango, kama walivyofanya wenzenu mwaka 2008. Kasha langu nimelirudisha rafuni pamoja na risiti yake, na mtoto wa mpwa wangu nimemwambia asubiri.