Bega la Mwogeleaji Haliumwi kwa Baridi

Wako wenzetu wengi hapa Butimba wanaoamini kwamba mtu akiogelea kisha bega likamwuma, basi amepigwa na baridi ya ziwa. Wengine husema kuwa huyo ni mvivu tu, na dawa yake ni kuongeza bidii. Mimi nami niliyashika maneno hayo mpaka likizo iliyopita, yaliponitia hasara. Sasa naona kuwa si kweli, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Kwetu ni Ukerewe, na huko mtoto huyajua maji kabla hajaijua kalamu. Likizo ile tuliwekeana ahadi, mimi na binamu zangu, kushindana kuvuka ghuba ndogo mwisho wa mwezi. Muhula mzima sikuwa nimeogelea. Siku ya kwanza niliogelea kidogo, ya pili maradufu, na wiki ilipokwisha nilikuwa majini asubuhi na jioni. Siku ya kumi bega la kuume likaanza kuchoma kila nilipoinua mkono. Nikanyamaza nisichekwe, nikajichua kwa dawa, nikaendelea. Siku ya mashindano sikufika hata nusu ya njia. Mkono uligoma, ikanibidi nishike ubavu wa mtumbwi uliotufuata. Nashukuru kwamba mtumbwi ulikuwapo. Kwa wiki tatu baadaye sikuweza kuvaa shati bila kuuma meno.

Niliporudi shuleni mwalimu wetu wa baiolojia alinionyesha picha ya mifupa, nikaelewa. Kiungo cha nyonga ni kama mpira uliotiwa ndani ya bakuli, lakini kiungo cha bega ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono waweza kwenda pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hautulii mahali pake bila kushikwa, na wanaoushika hasa ni misuli midogo minne itokayo katika mfupa wa kombe. Kano za misuli hiyo zina nafasi nyembamba ya kupita. Misuli ikichoka, mpira hautulii tena katikati ya kisahani, na kano husumbuliwa mpaka zikauma.

Sasa fanyeni hesabu. Mtu aendaye meta 2 kwa kila mzunguko wa mikono yake, akiogelea kilomita 1, kila bega lake limezunguka mara 500. Akienda kilomita 6, kama wafanyavyo wengi wa mashindano makubwa, ni mara 3,000 kwa siku. Kosa dogo likirudiwa mara 3,000 si dogo tena.

Makosa yenyewe ni haya. La kwanza ndilo langu: kuongeza mwendo kwa pupa kabla mwili haujazoea. La pili ni kuingiza mkono majini kwa kidole gumba kwanza, au kuuvusha mbele ya uso hata ukapita upande wa pili. La tatu ni kulala bapa juu ya maji bila kuviringisha kiwiliwili, hivyo bega likafanya peke yake kazi ya mwili mzima. La nne ni kuvutia pumzi upande mmoja tu siku zote. La tano ni kuwa na mgongo dhaifu, kwa maana kombe la bega hushikiliwa na misuli ya mgongo.

Atasema mtu: mbona wazee wetu waliogelea bila kufundishwa hayo? Namjibu kwamba wao walianza utotoni, kidogo kidogo, wala hawakujaribu kujenga mabega mapya kwa wiki moja. Na huyo wa baridi namwambia hivi: sikatai kwamba baridi hukaza misuli, na yafaa kuipasha moto kabla ya kuingia majini. Lakini waogeleao katika mabwawa yenye maji ya vuguvugu nao huumwa mabega, tena ndiyo maumivu wayalalamikiayo zaidi. Huko baridi ya ziwa imewafuataje?

Jambo hili si la mchezo tu. Sisi twakaa kando ya ziwa lililomeza mamia ya watu wa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na zaidi ya 200 wa MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila mtu husema vijana wajifunze kuogelea, nami nakubali kabisa. Lakini kijana afundishwaye kuficha maumivu aweza kuishiwa na mkono katikati ya maji, mahali pasipo na mtumbwi.

Basi maoni yangu ni kwamba ajifunzaye aongeze mwendo kidogo kidogo kila wiki, na mwenzake amtazame jinsi mikono yake iingiavyo majini. Mazoezi ya mgongo twaweza kuyafanya hapa hapa bwenini kwa kuvuta ukanda wa mpira wa baiskeli, bila kukaribia ufuko wenye kichocho. Bega likiuma, apumzike siku kadhaa. Likiendelea kuuma usiku, au mkono ukikosa nguvu, aende kwa daktari. Wala asiogelee peke yake.

Na sisi tutazamao tuache kumcheka asemaye, “Bega langu linauma.” Mimi niliogopa kicheko kuliko nilivyoliogopa ziwa, na siku ile nusura nilipe gharama kubwa kuliko kicheko.